Kushusha Chevrolet C10 ya 1967–1972: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu springi, spindeli na shokapu

Majibu haya yameandikwa kwa wenye pikapu za Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972, zile za nusu tani zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mengi yanafaa pia za 1963 hadi 1966, kwa kuwa nazo zina springi za koili mbele na nyuma. Za 1960 hadi 1962 zina fimbo za msokoto mbele, kwa hiyo majibu ya mbele hayazihusu. Mwenye springi za bapa, Datsun au Peugeot 504 aanzie swali la 17.

## Kabla ya kutoa pesa

1. Ninunue kipi kwanza: springi, spindeli au shokapu?

Usinunue chochote kabla ya kupima. (Spindeli ni kipande cha chuma kinachobeba gurudumu la mbele; swali la 6 linaieleza.) Egesha gari mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo sahihi na bodi ya nyuma ikiwa tupu. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu moja kwa moja hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, na uandike.

Springi zilizobeba gari kwa zaidi ya miaka 50 zimechoka. Mara nyingi utakuta upande wa dereva umekaa chini kuliko wa abiria, au mbele pamelala ilhali nyuma bado pamesimama. Muuza vipuri akikuambia "hii inashusha inchi 4", anahesabu kutoka kimo cha kiwandani. Kama gari lako limeshalala inchi moja lenyewe, utaona tofauti ya inchi 3 tu na utadhani umeibiwa. Tena kuna wanaofunga springi mpya "za kushusha" na gari likapanda, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimekufa kabisa.

2. Namba kama 3/5 au 4/6 zina maana gani?

Ya kwanza ni inchi za kushusha mbele, ya pili ni za nyuma. Nyuma hushushwa zaidi kwa sababu pikapu hutoka kiwandani ikiwa imeinua mkia, ili ikipakiwa mzigo ikae sawa. Ukishusha pande zote kwa kiasi kimoja, utabaki na gari linaloinamisha pua.

3. Nishushe kiasi gani?

Kwa gari linaloendeshwa kila siku, napendekeza 3/5 au 4/6, na sioni sababu ya wengi kuvuka hapo. Kwenye 4/6 C10 ya bodi fupi hukaa karibu sawasawa na tairi hujaza nafasi ya madigadi. Bado utapita kwenye mlango wa maegesho bila kukwangua.

Kinachopaswa kukuongoza zaidi ya picha ni orodha ya vitu ambavyo kila hatua inadai. Kwenye 3/5, springi na spindeli zikifuatana na shokapu za urefu unaofaa na fimbo ya panhard ya kurekebishika (swali la 11), kazi inaweza kuishia hapo. Ukifika 4/6, uwezekano wa kukata chesisi juu ya ekseli unakuwa mkubwa (swali la 10). Kuanzia inchi 7 nyuma, propela inaanza kukaribia mhimili wa kati wa chesisi na difu inaikaribia sakafu ya bodi. Hesabu gharama ya hatua nzima. Bei ya springi peke yake haikuambii kitu.

4. Je, nikibadilisha matairi na rimu pekee?

Inasaidia, na watu husahau. Gari hushuka kwa nusu ya tofauti ya kimo cha tairi. Ukitoka tairi la inchi 29 kwenda la inchi 27, gari lote linashuka inchi moja, na sehemu zote za chini hubaki na pembe zake za kiwandani. Lakini nafasi kati ya tairi na madigadi huongezeka, na hiyo ndiyo wengi wanataka kuipunguza. Spidomita nayo itaonyesha mwendo mkubwa kuliko halisi.

Chagua rimu na matairi kabla ya springi. Kimo cha mwisho hutokana na vyote viwili.

5. Ninunue seti nzima au niokoteze kipande kimoja kimoja?

Seti, kama huna uzoefu. Mtengenezaji wa seti ameshalinganisha urefu wa shokapu na kimo cha springi. Anayeokoteza hupata springi nzuri hapa, spindeli kule, halafu shokapu za kawaida zinazogonga mwisho wake kwenye kila shimo. Hata hivyo soma kilichomo: seti nyingi za bei ya chini zinaacha fimbo ya panhard na vipande vya kurekebisha pembe ya difu, na hivyo ndivyo vinavyorudisha watu gereji.

## Mbele

6. Spindeli zilizoshushwa au springi fupi?

Spindeli kwanza. Springi zije kumalizia.

Spindeli ya kushusha ina shina la gurudumu lililohamishwa juu, kwa kawaida inchi 2.5. Gurudumu linapanda kuelekea kwenye madigadi, lakini amu ya juu na amu ya chini (mikono inayounganisha spindeli na chesisi), springi na shokapu vyote vinabaki vilivyokuwa. Mwendo wa kupanda na kushuka unabaki ule ule, pembe za alaimenti (jinsi magurudumu yanavyoelekea na kuinama) hazisogei sana, na gari linaendelea kulala barabarani kama lilivyoundwa.

Springi fupi inashusha kwa njia nyingine: inaziinua amu zote kuelekea juu kabla gari halijaanza kutembea. Umeshakula sehemu ya safari yake, na stopa za mpira, zinazozuia amu mwisho wa safari, ziko karibu zaidi. Gurudumu huanza kuinamia ndani kwa juu. Inchi moja au mbili zinavumilika na fundi wa alaimenti anaweza kuzirekebisha. Tatu ni mwisho wa busara, na stopa fupi zinahitajika.

Kwa hiyo inchi 4 mbele hupatikana vizuri kwa spindeli ya 2.5 na springi ya 1.5. Anayetafuta inchi 4 zote kwa springi atapata gari gumu linalodunda.

Unapoagiza springi, taja injini. Silinda sita ya 250 (inchi za ujazo) ni nyepesi kuliko V8, na springi iliyokusudiwa V8 ya 350 haitashuka kiasi kilichoandikwa ikibeba injini nyepesi. Kiyoyozi na betri ya pili nazo zina uzito, zitaje.

7. Pikapu yangu ni ya kabla ya 1971, ina breki za ngoma na nati sita. Spindeli hizo zitaingia?

Zitaingia, lakini jua unachojiingiza. Diski za mbele zilikuja kuwa za kawaida mwaka 1971, na mwaka huo huo C10 ilihama kutoka nati sita kwenye duara la inchi 5.5 (milimita 139.7) kwenda nati tano kwenye duara la inchi 5 (milimita 127). Spindeli nyingi za kushusha zimetengenezwa kwa diski. Ukizinunua unanunua pia diski, kalipa, mipira ya breki, mara nyingi na silinda kuu mpya, na boljointi zinazolingana na spindeli hizo.

Baada ya hapo mbele utakuwa na nati tano na nyuma sita. Suluhisho ni kubadilisha shafti za ndani ya ekseli pamoja na ngoma zake, au kutafuta difu nzima ya 1971–72. Zipo pia diski za nati sita kwa anayependa kubaki na rimu zake za asili. Kwa vyovyote, diski mbele ni badiliko zuri kuliko hata kushusha kwenyewe, na kama bajeti inatosha kimoja tu, weka breki.

8. Naweza kukata springi niliyo nayo? Kuipasha moto je?

Kuipasha moto: hapana, kamwe. Chuma cha springi kimetiwa ugumu kwa joto lililopimwa, na gesi ya kuchomelea inaufuta. Springi italala siku hiyo kama ulivyotaka, kisha itaendelea kulala, upande mmoja zaidi ya mwingine, mpaka ivunjike.

Kukata kwa diski ya kukatia chuma, bila kuipasha moto, ni jambo jingine. Kunafanya kazi pale ambapo ncha ya springi inakaa vizuri kwenye kikalio chake baada ya kukatwa, lakini ujue springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu mizunguko inayofanya kazi imepungua. Nusu mzunguko ni wa kurekebisha kimo tu. Anayekata mizunguko miwili anajitafutia springi inayocheza ndani ya kikalio gari likipigwa jeki. Springi mpya za kushusha si ghali kiasi cha kuhalalisha hatari hiyo.

9. Bushi za mpira au za poliyurethani?

Mpira kwa gari la kila siku. Ni kimya na hunyonya mtikisiko. Poliyurethani hukaza usukani lakini inadai grisi, na isipopakwa hupiga kelele kila ukipita tuta.

Jambo linalopuuzwa: bushi za mpira za amu hukazwa gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake, kwa kimo chake kipya. Ukizikaza amu zikiwa zinaning'inia, mpira unabaki umesokotwa muda wote. Unachanika mapema na gari halikai kimo ulichokilipia.

## Nyuma

10. Nyuma nahitaji nini, na chesisi lazima ikatwe?

C10 nyingi za miaka hii zina springi za koili nyuma, zikikalia amu mbili ndefu zinazotoka katikati ya chesisi hadi kwenye ekseli. Kushusha huanza na springi fupi, za inchi 3 hadi 6. Springi hizi zimeshikwa kwa bolti juu na chini, na ile ya juu mara nyingi imegandwa na kutu. Imwagie mafuta ya kulainisha siku moja kabla.

Kuhusu chesisi, jibu liko kwenye rula. Gari likiwa kwenye kimo kipya, pima kutoka juu ya bomba la ekseli hadi chini ya chesisi. Hiyo ndiyo safari yote iliyobaki kwa shimo, tuta na abiria wa nyuma. Nikiona chini ya inchi 3, nashauri kukata. Kwa kawaida hilo hutokea ukishashusha zaidi ya inchi 5.

Kukata maana yake ni kutoa kipande chenye umbo la nusu duara upande wa chini wa chesisi, juu ya ekseli, kisha kuirudishia chesisi nguvu kwa bamba nene la chuma la umbo hilo, kwa bolti au kwa kuchomelea. Bamba huja kwanza: libandike, chora mstari, toboa, ndipo ukate. Mabomba ya breki na mafuta hupita kwenye chesisi hiyo, yatoe kabla ya moto au diski kugusa chuma. Na fanya upande mmoja hadi uishe kabla ya kugusa wa pili.

Wanaoruka hatua hii wakasema "stopa za mpira zitazuia" hupata ekseli inayopiga chesisi chuma kwa chuma. Nimeona chesisi zilizopinda hapo hapo juu ya ekseli, na huo si ukarabati mdogo.

11. Baada ya kushusha, gurudumu moja la nyuma limetokeza nje kuliko lingine. Ekseli imepinda?

Haijapinda. Kuna fimbo moja inayovuka kutoka chesisi hadi ekseli, iitwayo fimbo ya panhard, ambayo kazi yake ni kuzuia ekseli isiende kando. Ncha yake hutembea kwa tao. Gari likishuka, fimbo hubadilisha pembe na kuisukuma ekseli upande mmoja. Ya kiwandani kwenye C10 ni fupi, kwa hiyo msukumo wake ni mkubwa, na utauhisi hata barabarani: nyuma ya gari hutikisika kando kwenye mashimo.

Dawa ni fimbo ya kurekebishika, na bora zaidi ile ndefu inayovuka karibu upana wote wa gari. Irekebishe gari likiwa chini, ukipima kutoka tairi hadi chesisi pande zote mbili. Kwangu hiki si kipuri cha hiari kwa anayeshusha zaidi ya inchi 3.

12. Gari linatetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu tangu nishushe. Kwa nini?

Angalia pembe ya difu. Ekseli imefungwa kwenye zile amu ndefu. Mkia wa amu ukipanda, ekseli nayo inazunguka kidogo na pua ya difu inaangalia chini. Krosi za propela hufanya kazi vizuri pale ambapo pembe ya mbele na ya nyuma ni sawa na zinaelekeana kinyume. Zikitofautiana, propela huzunguka kwa kusita na mwili wote wa gari hutetemeka.

Vipande vyembamba vyenye umbo la kabari huwekwa kati ya ekseli na amu kuirudisha pua juu. Pima kwa kipima pembe kwenye gia, kwenye propela na kwenye difu. Usikadirie kwa macho. C10 nyingi za bodi ndefu, zile za urefu wa inchi 127 kati ya ekseli, zina propela ya vipande viwili na beringi ya kati, na beringi hiyo inaweza kuhitaji kuinuliwa pia. Kabla ya yote hayo zijaribu krosi kwa mkono. Zilizochakaa hutoa dalili ile ile.

## Shokapu

13. Shokapu za zamani zitafaa?

Mbele, kama umeshusha kwa spindeli tu, ndiyo, kama bado ni nzima. Kama umetumia springi fupi, au unazungumzia nyuma, hapana. Shokapu ndefu iliyobanwa kwenye nafasi fupi hufika mwisho kabla ya stopa, nayo inavunjika au inang'oa kikalio chake.

Njia ya kuchagua: ondoa springi, inua ekseli kwa jeki hadi iguse stopa, na upime umbali kati ya matundu mawili ya shokapu. Shokapu ikibanwa kabisa lazima iwe fupi kuliko kipimo hicho. Kisha iache ekseli ining'inie na upime tena. Ikivutwa kabisa lazima ifike hapo. Zipo pia seti za kuhamisha vikalio, zinazokuwezesha kutumia shokapu yenye safari ndefu. Nyuma, kwa 4/6, napendelea hizo kuliko shokapu fupi.

## Kufunga na baada yake

14. Naweza kufanya nyumbani?

Nyuma, ndiyo, mtu mwenye vifaa na msaidizi anaweza. Mbele kuna springi iliyobanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Tumia kibanio cha ndani cha springi, pitisha mnyororo kati ya springi na chesisi, shusha amu ya chini polepole kwa jeki, na usiweke uso wala mkono mbele yake. Gari likae kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika tano. Kama huna kibanio, lipa gereji kwa sehemu hiyo tu.

15. Alaimenti ni lazima?

Lazima, hata kwa spindeli pekee. C10 hurekebishwa kwa vibati vyembamba kwenye shafti ya amu ya juu, na fundi aliyezoea magari ya sasa anaweza asivijue, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Liendeshe gari siku chache kwanza ili springi zikae. Kwa usukani wa pawa, wengi hulenga kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) ya digrii 3 hadi 5 ili usukani urudi wenyewe baada ya kona.

Siku hiyo hiyo rekebisha taa za mbele. Ukishusha nyuma zaidi ya mbele, mwanga unapanda na kuwapiga machoni wanaokuja.

## Hali za pekee

16. Bado nabeba mizigo. Nishushe?

Kidogo. Kaa kwenye 3/5 au chini yake na uchague springi ngumu kidogo nyuma. Mzigo wa nusu tani kwenye gari lililoshushwa inchi 6 huilaza ekseli kwenye stopa, na stopa ikigusa muda wote huna tena springi. Anayebeba saruji kila wiki na bado anataka gari la chini, njia yake ni mifuko ya hewa nyuma: inajazwa kwa mzigo na kupunguzwa gari likiwa tupu. Lakini mifuko ya hewa inakuja na kompresa, tangi, vali na mabomba, na kila kimoja kinaweza kuvuja. Mifuko isikwangue kitu chochote katika safari yake yote, imejaa au tupu.

17. Pikapu yangu ina springi za bapa nyuma. Nafanyaje?

Hii inahusu GMC nyingi za miaka hiyo hiyo, C10 za kuanzia 1973, na pikapu tulizokulia nazo Afrika Mashariki kama Datsun 620 na Peugeot 504. Lala chini ya gari na tochi, uangalie springi iko juu ya ekseli au chini yake. Kila kitu kinategemea hapo.

Ikiwa springi iko chini ya ekseli, bloku la chuma kati ya springi na ekseli linashusha gari, pamoja na bolti ndefu za U. Ikiwa springi iko juu ya ekseli, bloku lile lile litainua gari. Hapo hutumika seti ya kuhamishia ekseli juu ya springi, ambayo hushusha karibu inchi 6 kwa mkupuo, na swali la kukata chesisi (la 10) linarudi mara moja. Kupunguza majani ya springi ni njia rahisi, ila inapunguza uwezo wa kubeba, na ekseli huanza kujisokota ukikanyaga mafuta.

Mbele, Datsun 620 ina fimbo za msokoto zenye bolti za kurekebisha. Ukizilegeza gari linashuka bila kununua kitu, lakini umekula safari ya gurudumu kupanda kama ilivyoelezwa kwenye swali la 6. Peugeot 504 ina shokapu iliyo ndani ya koili, kwa hiyo springi fupi inadai shokapu fupi ya kuendana nayo.

18. Sheria inasemaje?

Marekani kila jimbo lina lake. California kwa miaka mingi ilikataza gari lililobadilishwa hadi sehemu ya mwili wake ikawa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Katazo hilo lilifutwa kuanzia Januari 1, 2024. Hata pale pasipo sheria, kipimo chenyewe ni kizuri: tairi likipasuka, rimu iguse lami kabla ya chesisi, bomba la breki au tangi. Kwa aliye Kenya au Tanzania, uliza kituo cha ukaguzi kabla ya kukata chochote, na mwandikie bima yako kwamba gari limebadilishwa.

19. Nikichoka nalo, naweza kulirudisha lilivyokuwa?

Springi, spindeli, shokapu na fimbo ya panhard vyote hufunguliwa, kwa hiyo hifadhi vya zamani, vipake grisi na uvifunge na karatasi ya jina. Chesisi iliyokatwa na kuwekewa bamba vizuri inaweza kubaki hivyo hata gari likirudi juu. Kama C10 yako ina kila kipande cha kiwandani na namba zinazolingana, ishia kwenye vitu vya kufunguliwa. Chesisi za kukata zipo nyingi zilizokwisha kubadilishwa, tafuta moja ya hizo.